Majiko ya makaa yatoke ndani ya mabanda ya kuku

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wafugaji wenzangu wa Mombasa, hasa sisi wa mabanda ya uani, kabla upepo wa kusi haujashika kasi.

Huu ndio wakati mabanda yanapovikwa nguo. Pita Mtongwe, pita Shika Adabu, vuka feri uende Kisauni hadi Mtopanga, utayaona. Magunia ya sukari, maturubai kuukuu, mabango ya wanasiasa tuliowachagua na tuliowakataa, yote yamepigiliwa misumari kwenye kuta za banda mpaka hapana tundu lililobaki. Usiku ukiingia, ndani kunawekwa jiko la makaa. Uliza sababu, jibu ni moja: baridi.

Kwa niliyoyaona mimi mitaani kwetu, jiko hilo limeua kuku wengi kuliko baridi. Na halichagui. Likimaliza kuku humgeukia aliyelala chumba cha pili.

Mimi si daktari wa mifugo. Ni fundi wa stima mstaafu, na kuku ni wa mke wangu. Mimi pale uani ni mtumishi tu, kazi yangu kubeba maji na kuzoa mavi. Lakini maisha yangu yote nimeshughulika na waya, na mara nyingi niliitwa kutazama kilichobaki baada ya chumba kuungua, nieleze moto ulianzia wapi. Kwa hiyo jambo hili la kupasha banda joto nalijua kwa upande wake mbaya.

Kwanza tuulizane, baridi gani? Usiku wa Julai hapa kwetu joto hushuka hadi karibu nyuzi 20 za Selsiasi. Sisi tunavaa sweta na kulalamika, lakini kuku mzima mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na amevaa manyoya usiku na mchana. Nyuzi 20 kwake ni raha. Wafugaji wa Limuru na Nyahururu wana haki ya kuzungumza habari za baridi, na hata huko kuku aliyekomaa hahitaji moto akiwa mkavu na hapigwi na upepo. Katika nchi zenye theluji kuna watu wanaofuga kuku kwenye baridi ya kugandisha maji, bila kifaa chochote cha joto, na kuku wanaishi. Nasema haya kwa sababu vijana wetu wanatazama kwenye simu video za watu wa Marekani wakitundika taa za joto katika mabanda, halafu wanakuja kuniomba niwafungie taa juu ya majogoo. Huko kwenyewe Marekani taa hizo huunguza mabanda kila msimu wa baridi. Sasa sisi wa Likoni tunaiga nini?

Kinachomsumbua kuku mzima wa Mombasa msimu huu ni unyevu. Kusi inakuja na manyunyu ya upande, maji yanaingia kwa ubavu wa banda, maranda yanalowa, mavi yanaoza, na ile harufu kali inayochoma macho ukifungua mlango alfajiri ndiyo amonia. Hapo ndipo mafua na kuhara damu vinapozalia. Ukizungusha turubai banda zima umefungia unyevu ndani pamoja na kuku, na pumzi zao zinazidi kuulowesha. Asubuhi papasa bati kwa ndani. Ukiona linatiririka maji, ujue banda linakosa hewa.

Dawa yake ni rahisi na karibu haina gharama. Ziba upande mmoja tu, ule unaotazama kusini-mashariki, kusi inakotoka. Upande wa pili acha wazi kwa juu, chini ya paa, kiasi cha shubiri moja au mbili, uwekewe wavu wa kuzuia kicheche na paka. Hewa chafu itatokea hapo bila upepo kumpiga kuku aliyelala kwenye fito. Ongeza maranda makavu, toa yaliyolowa. Kuku mzima hahitaji zaidi ya hayo.

Vifaranga ni habari nyingine. Kifaranga wa siku moja ana malaika tu, vile vinyweleo laini, hana manyoya ya kumkinga, na mwili wake bado haujaweza kujitunzia joto. Wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 pale anapolala. Kila wiki unapunguza kama nyuzi 3, mpaka manyoya yatoke vizuri, na hilo huchukua wiki nne mpaka sita. Kwa hiyo anayesema vifaranga wanataka joto anasema kweli. Tunachogombania ni joto hilo litoke wapi.

Majuzi kijana mmoja jirani yetu alileta vifaranga mia wa broila, hesabu zake zikiwa kwenye harusi za baada ya miezi miwili. Akawaweka katika kibanda cha mabati kilichoegemea nyumba, akazungusha turubai, akatia jiko katikati. Asubuhi nusu yao walikuwa wamekufa. Alikuja kwangu amenyong'onyea.

"Mzee, baridi ya jana ilikuwa kali. Nisaidie turubai jingine."

Nikaenda naye kutazama. Vifaranga wakifa kwa baridi huwakuti hivyo. Wenye baridi hurundikana, wanalaliana mpaka wa chini wanabanwa na kukosa pumzi, unawakuta chungu moja pembeni. Hawa walikuwa wametawanyika, kila mmoja amelala mahali pake kama aliyesinzia. Nikamwuliza jiko lilikuwaje.

"Lilikuwa zuri, mzee wangu. Makaa yalishakolea, hapakuwa na moshi hata kidogo."

Nikamwuliza nani alilala chumba kinachopakana na kibanda. Mdogo wake. Yuko wapi? Amelala mpaka saa hizi, kichwa kinamuuma na anatapika. Nikamwambia, "Mwanangu, acha habari ya turubai. Mtoe huyo mtoto nje sasa hivi." Akatolewa barazani, akapigwa na upepo, kisha akapelekwa hospitali. Alhamdulillahi yuko salama. Afisa wa mifugo alipompasua kifaranga mmoja aliyakuta mapafu yakiwa na wekundu wa kung'aa usio wa kawaida, akatuambia hiyo ndiyo alama ya gesi ya makaa.

Gesi yenyewe inaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Inaingia katika damu na kukaa mahali pa hewa safi, na damu inabaki nyekundu huku mwili unakosa pumzi. Hapa ndipo watu wanapodanganyika, na nimelisikia kwa wazee wa rika langu pia: eti moshi ukiisha na makaa yakiwa mekundu, hatari imekwisha. Si kweli hata kidogo. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa gesi hiyo, na kadiri chumba kinavyozibwa na hewa inavyopungua, ndivyo yanavyoitoa zaidi. Moshi angalau ungekuamsha kwa kikohozi.

Ndege huathirika mapema kuliko sisi. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walikuwa wakishuka migodini na ndege wadogo aina ya kanari katika vizimba, ndege akianguka wao wanakimbia. Waliendelea hivyo hadi mwaka 1986 mashine zilipochukua nafasi. Sisi tunaona ndege hamsini wameanguka, tunasema ni baridi, kesho usiku tunaziba zaidi na kuongeza makaa.

Tufikirie pia nyumba zetu. Nyumba nyingi za Kiswahili kuta za vyumba hazifiki paani. Ukikohoa chumba cha mbele wa nyuma anakwambia pole. Banda likiegemea nyumba ya namna hiyo, hewa ya banda na hewa ya chumba cha kulala ni moja. Na lile lililoezekwa makuti ndilo silitaki hata kulitazama usiku. Cheche moja, kusi inavuma, na vichochoro vyetu vingine gari la zimamoto haliwezi kupita hata likija kwa wakati.

Basi tumia stima, watu wataniambia, wewe si fundi? Ndiyo, tumia stima, lakini kwa adabu yake. Hapa mnivumilie kidogo, maana ndipo penye ujuzi wangu.

Globu ya joto, ile nyekundu ya wati 250, inatosha vifaranga sabini na tano hadi mia. Hizi globu za kuokoa stima tulizo nazo majumbani hazifai kazi hiyo. Zimetengenezwa zitoe mwanga bila joto, na kuna mama mmoja hapa kwetu alitundika nne akashangaa vifaranga wakitetemeka huku banda linang'aa. Globu moja ya wati 250 ikiwaka kwa muda wa saa kumi na mbili inakula uniti tatu. Si kidogo kwa mnunuzi wa tokeni, lakini piga hesabu ya makaa ya usiku kucha, kisha jumlisha na vifaranga waliokufa.

Holda, yaani kishikio cha globu, iwe ya kauri. Holda ya plastiki chini ya globu hii inalainika, inapasuka, globu inaanguka kwenye maranda makavu, na umekwisha. Usiitundike globu kwa waya wake wa stima. Itundike kwa mnyororo, na uweke mnyororo wa pili wa akiba uliofungwa mahali pengine, ili wa kwanza ukikatika au jogoo akirukia, taa isifike chini. Kimo ni futi moja na nusu juu ya maranda kwa kuanzia, halafu unapandisha kila wiki. Izungushie kizimba cha wavu. Pangusa vumbi mara kwa mara, stima ikiwa imezimwa na globu imepoa, kwa sababu vumbi la maranda na manyoya likitanda juu ya globu linaungua. Chombo cha maji kiwe mbali nayo. Tone la maji baridi juu ya kioo cha moto linakipasua.

Waya. Huu ndio ugonjwa wenyewe. Watu wanavuta stima kutoka sebuleni hadi uani kwa waya mwembamba wa spika, viungo vimesokotwa kwa vidole na kufungwa kwa mfuko wa plastiki. Globu moja inavuta kama ampea moja, waya huo utaivumilia. Nne, pamoja na friji na pasi kwenye ekstensheni ileile, hautavumilia. Tumia waya wa milimita moja na nusu ya mraba, upitishwe ndani ya konduti, lile bomba la kukinga waya, kwa sababu panya wa banda la kuku wanatafuna kila kitu. Ekstensheni isilale sakafuni kwenye mavi na maji. Na sisi tuna adui ambaye watu wa bara hawana, nayo ni chumvi ya bahari. Kusi inaileta hadi ndani ya soketi. Skrubu ya shaba iliyoota kutu ya kijani haishiki waya vizuri, kiungo kinapata joto, kinaungua polepole kwa wiki kadhaa kabla ya kuwaka. Ukigusa plagi ukaiona ina joto, au ukisikia harufu ya samaki aliyeoza mahali pasipo samaki, zima swichi kuu uite fundi. Nimewahi kuona bodi imeungua kwa nyuma, huku mwenye nyumba akimsaka paka aliyeficha samaki.

Aliyevutiwa stima na jirani kinyemela, nyaya zikipita juu ya mabati, huyo namwomba asitundike globu ya joto kabisa.

Kipimajoto ni kizuri, lakini vifaranga wenyewe wanakusomea. Wakibanana chini ya taa na kulia, wana baridi: shusha taa kidogo. Wakiikimbia taa, mbawa zimelegea na midomo wazi, wana joto: ipandishe. Wakikusanyika upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika wanakula, wengine wamelala wamejinyoosha, funga mlango ukalale. Uzio wao uwe wa duara, wa kadibodi au bati, kwa sababu kwenye pembe ndiko wanakorundikana na kuuana. Ukubwa uwaruhusu kuikaribia taa na kuiacha wapendavyo. Na kuanzia wiki ya tatu, siku yenye jua, mchana wa Mombasa unatosha wenyewe. Zima taa, okoa tokeni.

Sasa stima ikipotea usiku wa manane, maana hilo nalo ni letu. Hapo ndipo watu hukimbilia jiko. Chemsha maji jikoni kwako, yatie katika mitungi midogo ya lita tano, usiyatie yakiwa yanatokota maana plastiki italegea, funga vizibo barabara, zungushia kila mtungi kitambaa au gunia kavu, weka ndani ya uzio vifaranga wajiegemeze. Yakipoa badilisha. Ni kazi ya kukatiza usingizi, sikatai, lakini haimuui mtu.

Na kwa mwenye vifaranga wachache, mke wangu ana njia mbili ambazo hazihitaji fundi. Ya kwanza ni sanduku ndani ya sanduku, katikati pamejazwa nyasi kavu, chini maranda, juu gunia safi lenye matundu ya hewa ambalo linashuka mpaka karibu na migongo ya vifaranga. Joto lao wenyewe linahifadhiwa humo, nao wanatoka kupitia mlango mdogo kwenda kula na kunywa. Linataka kuchunguzwa kila jioni, nyasi zikilowa zitupwe. Ya pili ni mtetea wa kienyeji aliye katika kuatamia. Vifaranga wa siku moja au mbili anatiliwa chini ya mbawa usiku, kimyakimya, na kukipambazuka anawaona ni wake. Kumi au kumi na wawili anawamudu bila shida. Kila nikifungia mtu globu, bibi huyu hunitazama kwa dharau, na sina la kumjibu.

Atakayeshikilia kwamba hana njia ila jiko, basi alitumie kuchemshia maji ya hiyo mitungi, likiwa nje, mahali pa wazi, mbali na makuti.

Ninalo ombi kwa wawili. Maafisa wetu wa mifugo wa kaunti wakija kuzungumza kwenye redio za hapa, mara nyingi ni chanjo na bei za chakula. Ni vyema, ila waitengee hii gesi ya makaa kipindi kizima msimu huu, kwa Kiswahili cha nyumbani, watu wapige simu waulize. Ombi la pili ni kwa wauza vifaranga. Wao ndio wa mwisho kuonana na mfugaji mpya kabla hajafika nyumbani na boksi lake, na wanajua kabisa kwamba wengi hawana matayarisho yoyote. Kabla ya kupokea pesa wamwulize usiku wa leo vifaranga hawa watapata joto wapi. Akisema kwenye jiko, wamwekee boksi mpaka kesho, aende kwanza akatafute taa, sanduku, au mtetea wa kuazima.

Fundi wa stima mstaafu,
Mtongwe, Likoni, Mombasa